Wizi wa karafuu: mume miezi 18, mke yuko nyumbani. Mahakama imependelea?

Swali la msomaji wa Wete, Pemba: "Asalaam aleikum. Mdogo wangu wa kiume na mkewe walikamatwa pamoja kwa karafuu za shamba la watu. Yeye kapewa miezi 18 Chuo cha Mafunzo (jela ya Zanzibar). Wifi yangu kaambiwa asitende kosa jengine kwa miezi 12, akarudi kwake. Karafuu zile zile, nyumba ile ile, kesi ile ile. Watu hapa wanasema mwanamke akilia mahakamani hafungwi. Ni kweli mahakama zinawapendelea wanawake? Na tukikata rufaa kwa sababu hiyo tutashinda?"

Waalaikum salaam dada yangu. Nianze na la mwisho, maana ndilo lenye haraka. Rufaa iliyobeba neno moja tu, "mkewe ameachiwa", ni dhaifu. Rufaa iliyojengwa juu ya karatasi za kesi ya mdogo wako mwenyewe inaweza kufika mbali. Ama upendeleo, upo, na nchi zilizouwekea hesabu zimeuona waziwazi. Lakini haukai sana pale watu wanapoutazama, kwenye chozi la mshtakiwa na uso wa hakimu. Mara nyingi umeshaingia kwenye hati ya mashtaka, na hati hiyo iliandikwa kabla hakimu hajamuona mtu yeyote.

Kwa hiyo tafuta nakala ya hati hiyo kwanza, usome kila mmoja kashtakiwa kwa kosa gani. Karafuu za wizi zina kazi ya aina mbili. Kuna ya shambani usiku: mtu yuko juu ya mkarafuu, kamba mkononi, anavuta matawi na kuchuma gizani, gunia linajaa. Halafu kuna ya uani asubuhi: jamvi limetandikwa, mtu amekaa anachambua, makonyo (vijiti vinavyobeba karafuu) upande huu, karafuu upande ule, kisha zinaanikwa juani siku tatu, nne. Kwa jirani anayechungulia ni kazi moja ya mume na mke. Kwa sheria yanaweza kuwa makosa mawili. Wizi unatimia pale mali inapoondolewa kwa nia ya kumnyima mwenyewe. Aliyekaa uani anaweza kushtakiwa kwa kupokea mali ya wizi, na hapo mwendesha mashtaka ana mzigo wa kuthibitisha kwamba alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kuwa mali hiyo imeibwa. Pishi tatu za karafuu katika nyumba yenye mikarafuu yake hazimwambii mke kitu. Magunia mawili katika nyumba isiyo na hata mche mmoja yanamwambia kila kitu.

Ikiwa wameshtakiwa kwa makosa tofauti, basi tofauti ya adhabu ina mzizi kabla ya hukumu. Ikiwa kosa ni moja, linganisha mengine: nani alifanya nini khasa, nani ana kumbukumbu ya kosa la nyuma, nani alikiri na alikiri lini, mali ngapi ilirudishwa na nani aliyeirudisha, na kila mmoja aliambia nini mahakama alipoulizwa kabla ya adhabu. Kukiri siku ya kwanza kwa kawaida hupunguza adhabu. Aliyekana, akaita mashahidi wanne, kisha akatiwa hatiani, haongezewi adhabu kwa kukana, ila lile punguzo halipati. Mara nyingi tofauti ya mume na mke inaishia hapo: mume kaambiwa na watu wa kijiweni akane, mke kaogopa akakiri.

Baada ya hapo soma sababu za adhabu zilizoandikwa na hakimu. Ni mistari michache tu mwisho wa hukumu, lakini ndiyo yenye siri. Angalia sentensi inayomhusu wifi yako imekaaje. "Mshtakiwa wa pili ana mtoto wa miezi saba anayenyonya, ni kosa lake la kwanza, alikiri" ni sababu, na mahakama ina haki ya kuizingatia. "Mshtakiwa wa pili ni mwanamke" ikasimama peke yake si sababu. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na uanamke peke yake haupunguzi adhabu kama ambavyo uanamme hauiongezi. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinazitaka mahakama zitazame ulezi wa watoto na kutokuwa na makosa ya nyuma pale mwanamke anapohukumiwa, na kwa mjamzito au mwenye watoto wanaomtegemea zipendelee adhabu isiyo ya kifungo pale inapowezekana. Ukizisoma vizuri utaona zinachotazama ni hali aliyonayo mtu, tumbo, titi, watoto waliobaki ndani.

Sasa huo upendeleo wenyewe. Mwaka 2012 Sonja Starr, mtaalamu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Michigan, alichambua kesi za mahakama za shirikisho za Marekani. Alilinganisha wanaume na wanawake waliokamatwa kwa makosa yanayofanana na wenye historia zinazofanana. Wanaume walipata vifungo virefu zaidi kwa wastani wa asilimia 63, na wanawake waliotiwa hatiani walikuwa na nafasi mara mbili ya kukwepa kifungo kabisa. Tume ya Adhabu ya Marekani katika ripoti yake ya 2023 iliona adhabu za wanawake kwa jumla, pamoja na za wasiofungwa, ni fupi kwa asilimia 29.2 kuliko za wanaume, yaani za wanaume ni ndefu kwa asilimia 41 hivi. Mbona tarakimu mbili zimeachana hivyo? Sehemu ya jibu ni mahali pa kuanzia kupima. Ukianzia kwenye kosa mtu alilotiwa nalo hatiani, umeshameza yote yaliyofanywa nyuma yake: nani kapunguziwa shtaka, nani kafutiwa, nani kaandikwa msaidizi na nani mkuu. Starr alianzia kwenye kukamatwa, ndiyo maana pengo lake ni pana.

Hizo ni hesabu za Marekani, usizisome kama za Pemba. Lakini mbinu yake inafaa popote, nawe unaweza kuijaribu katika kesi ya nduguyo. Wageuze. Tuseme wifi yako ndiye aliyekutwa shambani na mdogo wako ndiye aliyekutwa uani kakaa juu ya jamvi anachambua. Je, polisi wangemuandikia mume kupokea mali ya wizi tu, au wangesema "haiwezekani, huyu ndiye aliyemtuma", wakamuandikia wizi pamoja na mkewe? Ukiona jibu ni la pili, umeugusa upendeleo penyewe. Mwanamme hudhaniwa ndiye mkubwa wa shughuli, mwanamke hudhaniwa kafuata.

Dhana hiyo ni kongwe. Sheria ya Uingereza zamani ilichukulia kwamba mke akitenda kosa mbele ya mumewe basi kalazimishwa. Dhana ikafutwa mwaka 1925, ikabaki njia ya mke kujitetea kwa kuthibitisha kwamba mume kamlazimisha, nayo ikafutwa Uingereza mwaka 2014. Huku kwetu utetezi wa namna hiyo uliletwa na sheria za adhabu za kikoloni, ya Kenya ikiwemo. Hata pale usipotajwa kwa jina na wakili, harufu yake bado imo kituoni, pale askari anapomuuliza mke "mumeo ndiye aliyekuleta haya?" Swali hilo lina fadhila, lina na dharau. Linampunguzia kosa kwa kumpunguzia akili.

Utafiti uliofanyiwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza mwaka 1997 ulikuta kitu cha karibu na hicho. Mahakimu walielekea kumuona mwanamke aliyeiba dukani kama mtu aliyezidiwa na shida, na mwanamme kama mtukutu. Mwanamke waliona vibaya kumtoza faini, kwa kuwa fedha hiyo ingetoka kwenye chakula cha watoto. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo: baadhi ya wanawake waliachiwa kwa onyo, na wengine wakapewa kifungo cha nje chini ya uangalizi, adhabu nzito kuliko faini ambayo mwanamme angelipa akaondoka zake. Huruma hiyo hiyo ndiyo iliyowazidishia.

Na hapa ndipo usemi wa watu wa Wete unapopinda. Mwanamke anayesamehewa ni yule anayefanana na picha ya mwanamke: mama, mke, mnyonge, kosa dogo, machozi. Akitoka nje ya picha hiyo huhukumiwa mara mbili, kwa kosa na kwa kuwa mwanamke aliyelitenda. Mfano mzito tunao hapa hapa Zanzibar. Sheria ya mwaka 1985 ilimfanya mwanamke asiye na mume aliyepata mimba kuwa mkosaji, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Mwanamme aliyempa mimba naye aliandikiwa kosa. Ila ushahidi dhidi ya mwanamke ulikuwa unakua tumboni mwake na mtaa mzima unauona, wakati mwanamme alihitaji maneno mawili tu: si mimi. Sheria ya 2005 iliyoshika nafasi yake iliondoa kifungo kwa mwanamke ikaweka huduma kwa jamii. Mtu akikwambia sheria siku zote imewaonea huruma wanawake, muulize habari ya sheria hiyo.

Mfano mwengine ni kuua mtoto mchanga. Sheria ina kosa maalumu kwa mama aliyemuua mwanawe wa chini ya miezi 12 wakati akili yake haijatulia kwa sababu ya uzazi au kunyonyesha, naye huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia, si kama muuaji. Baba hana mlango huo. Kwenye karatasi, basi, ni nafuu ya mwanamke. Kwa vitendo inaharibika kwa kuchelewa. Msichana aliyeficha mimba anakutwa na maiti ya kichanga, jalada linafunguliwa la mauaji, ambayo hayana dhamana, na daktari wa akili anaitwa baada ya miezi mingi. Wakati huo hali aliyokuwa nayo wiki ya kujifungua imeshapita, hakuna aliyeiandika. Mwenye ndugu katika balaa hilo aombe uchunguzi wa daktari siku za mwanzo kabisa, kwa maandishi, na abaki na nakala ya ombi.

Dhamana nayo ina upendeleo wake, na huko kibao humgeukia mwanamke. Mdhamini hutakiwa awe na barua ya sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), kitambulisho, na mara nyingi kazi inayojulikana au mali isiyohamishika. Mwanamme ana kaka, ana wenziwe wa chomboni, ana shamba la urithi. Mwanamke aliyeachika, hati ya nyumba iko kwa aliyekuwa mumewe na ndugu zake wanaona haya kufika mahakamani. Kosa dogo, masharti madogo, na bado anakaa mahabusu wiki kadhaa kwa kukosa mtu wa kutia saini. Hesabu ya waliofungwa haimuoni, kwa sababu mwisho wa kesi huenda akaachiwa.

Turudi kwa mdogo wako, tuseme la kufanya.

Wiki hii hii mtu wa nyumbani aende kwa karani wa mahakama iliyotoa hukumu, na namba ya kesi mkononi, aombe kwa barua nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani. Barua iwe mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, abaki nayo. Muda wa kutoa taarifa ya rufaa na wa kupeleka sababu za rufaa umewekwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Zanzibar, Namba 7 ya 2018, nao unahesabiwa kwa siku. Karani atawaambia siku mlizobakiwa nazo na rufaa inakwenda mahakama gani. Barua yenye muhuri ndiyo itakayokuokoeni ikiwa nakala zimechelewa kuchapwa. Aliyefungwa anaweza pia kutoa taarifa ya rufaa kupitia kwa maofisa wa Chuo cha Mafunzo alipo, na wao wanaijua njia yake, maana kila siku wana wanafunzi, yaani wafungwa, wanaokata rufaa.

Ikiwa alikiri kosa, kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anabaki na adhabu tu, uzito wake au uhalali wake. Mahakama ya rufaa haibadilishi adhabu kwa sababu yenyewe ingetoa nyengine. Msimamo huo ulikuwapo tangu Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1950 na haujabadilika: lazima ionekane adhabu imezidi mno bila shaka, au hakimu kafuata msingi usio sahihi, au kaacha jambo la maana alilopaswa kulitazama, au katazama lisilohusika, au adhabu yenyewe haimo katika sheria. Suala la mume na mke linaingia katika milango hiyo, na lina jina lake: usawa wa adhabu kwa walioshitakiwa pamoja. Wenye kosa moja, nafasi moja na historia moja wasiachane mno bila sababu kuandikwa.

Kwa hiyo msiandike "mke ameachiwa kwa kuwa mwanamke". Andikeni namna hii: hakimu alizingatia kwamba mshtakiwa wa pili ana watoto wanaomtegemea na ni kosa lake la kwanza, mshtakiwa wa kwanza naye ni kosa lake la kwanza na ana watoto hao hao, lakini jambo hilo halikuzingatiwa wala hakuna sababu iliyoandikwa ya kuliacha. Sentensi ya kwanza inaomba mke aadhibiwe. Ya pili inaomba mume aulizwe aliyoulizwa mkewe.

Hoja hiyo ya kuwalinganisha mume na mke ina hatari yake, na watu wengi huiona wakiwa wamechelewa. Mahakama ya rufaa ikilifungua jalada inaona yote. Ikiona aliyeachiwa ameachiwa kwa makosa, haina lazima ya kumsogeza mwengine kwenye kosa hilo. Mkurugenzi wa Mashtaka naye ana haki ya kukata rufaa dhidi ya adhabu iliyo ndogo mno. Mnaweza kuingia mkitaka mmoja atoke, mkaondoka wote wawili wako ndani. Nani atabaki na watoto?

Kuhusu watoto, ndipo wanaume wanapopoteza zaidi. Akiulizwa kabla ya adhabu, mshtakiwa mwanamme husema "naomba nipunguziwe, nina watoto watano", basi. Hakimu amelisikia neno hilo mara tatu tangu asubuhi. Mwanamke halazimiki hata kulisema, mtoto yuko mgongoni, analia mbele ya mahakama nzima. Ushahidi wa mmoja unaonekana kwa macho, wa mwenziwe ni maneno. Dawa yake ni karatasi: vyeti vya kuzaliwa, barua ya sheha inayotaja nani anaishi nyumbani na nani anayewalisha, barua ya skuli, kadi ya hospitali ikiwa kuna mzee mgonjwa anayemuuguza. Kama yeye ndiye anayemuogesha na kumbeba baba yenu aliyepooza, barua iseme hivyo hivyo, siyo "anasaidia familia". Kilichotakiwa ni kuyatoa kabla ya adhabu kusomwa. Kwenye rufaa nafasi ya kuingiza jipya ni finyu, lakini kama aliyasema na yakaandikwa katika mwenendo, yameshaingia. Ndiyo maana nasisitiza mupate mwenendo mzima. Hukumu peke yake haitoshi.

Wakili si lazima, ila sababu za rufaa zikiandikwa na mjuzi zinasomeka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar ya 2018 inawatambua wasaidizi wa sheria, na sheha wenu anajua walio karibu. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake. Nendeni na nakala, msiende na hadithi. Wakati rufaa inasubiriwa mnaweza kuomba dhamana pia, lakini baada ya kutiwa hatiani hutolewa kwa uchache, na kama kifungo ni kifupi muombe mapema kabla hakijaliwa na kusubiri.

Na wifi yako asidhani kesi yake imekwisha. Ameachiwa kwa sharti, na sharti lina tarehe. Akitiwa hatiani kwa kosa jengine ndani ya miezi 12 hiyo, ataitwa ahukumiwe na lile la karafuu, tena bila ile huruma ya kosa la kwanza. Msimu ukija, watu watamletea karafuu mbichi achambue kwa ujira kama kila mwaka. Kabla hajatandika jamvi aulize zimetoka shamba la nani, na awe na shahidi wa jibu alilopewa.